Utambuzi wa Gumegume la Aina ya Magadi katika Zana za Mawe za Bonde la Ufa: Jiwe, Uumbikaji na Chimbuko

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua gumegume la aina ya Magadi, jiwe lililotumiwa kutengenezea zana katika mabonde ya Kenya ya kusini na Tanzania ya kaskazini. Yanaonyesha kwamba utambuzi huo una ngazi tatu ambazo huchanganywa mara kwa mara: kutambua jiwe lenyewe, kutambua namna lilivyoumbika, na kutambua mahali lilikochukuliwa. Ngazi mbili za kwanza hufikiwa kwa macho, lenzi na hadubini. Ngazi ya tatu hudai ushahidi wa matabaka, wa umri na wa kemia usomwe kwa pamoja. Kisa cha Oldupai kinatumika kuonyesha jinsi jina la jiwe linavyoweza kumpotosha msomaji kuhusu chimbuko lake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu istilahi, hazina ya sampuli na ulinzi wa machimbuko yaliyoko pande mbili za mpaka.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anapookota kibanzi cheupe cha jiwe ukingoni mwa korongo na kuandika katika daftari lake "gumegume la Magadi", maneno hayo machache huweza kubeba madai matatu. Dai la kwanza ni kwamba jiwe hilo ni gumegume, si kwatsiti wala obsidiani. Dai la pili ni kwamba liliumbika katika ziwa la magadi, kwa njia ya kikemia inayojulikana. Dai la tatu ni kwamba lilitoka katika bonde la Ziwa Magadi, nchini Kenya. Kila dai lina ushahidi wake, na kuthibitika kwa moja hakuthibitishi jingine.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Akiolojia hutumia umbali kati ya chimbuko la jiwe na mahali zana ilipookotwa kupimia mambo makubwa: upana wa eneo ambalo viumbe wa jamii ya binadamu walizunguka, uwezo wao wa kupanga safari kabla ya kazi, na hatimaye kuwapo kwa mahusiano kati ya makundi yaliyoishi mbalimbali. Chimbuko likikosewa, umbali hukosewa, na hoja nzima iliyojengwa juu ya umbali huo huanguka. Kutoka Ziwa Magadi hadi Bonde la Oldupai ni karibu kilomita 160 kwa mstari mnyoofu. Kosa la ngazi moja katika utambuzi linatosha kubuni safari ya kilomita 160 ambayo haikufanywa na mtu yeyote.

2.0 Istilahi

Kiswahili kina neno la zamani la jiwe la jamii hii, nalo ni *gumegume*. Neno hilo limehifadhiwa zaidi katika jina la bunduki ya gumegume, ambayo cheche ya kuwashia baruti yake ilitokana na jiwe kugongana na chuma. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa maana pana ya kijiolojia: jiwe lenye chembe ndogo mno, ambalo karibu lote ni silika, yaani oksidi ya silikoni, kwa umbo la kwatsi isiyoonekana kwa macho. Kulitohoa neno la kigeni kungeleta utata, kwani umbo lake la Kiswahili lingegongana na *cheti*, ambacho kila msomaji anakijua kwa maana nyingine.

Neno *magadi* nalo lina matumizi mawili. Kwa herufi ndogo ni chumvi ya kabonati ya sodiamu, ile inayotiwa katika maharage ili yaive upesi. Kwa herufi kubwa ni jina la ziwa katika Kaunti ya Kajiado, ambalo uso wake umefunikwa kwa sehemu kubwa na tabaka la chumvi hiyo. *Gumegume la aina ya Magadi* ni istilahi ya uumbikaji. Hutaja njia ambayo jiwe lilipata kuwa jiwe, na njia hiyo iligunduliwa kwanza Magadi. Haitaji mahali. Mawe ya aina hiyo yameelezwa pia katika bonde la Natron, katika Oldupai, na hata katika mashapo ya maziwa ya kale nchini Marekani. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba kirai *aina ya* kisiachwe kamwe katika maandishi ya kitaalamu, na kwamba *gumegume la Magadi*, bila kirai hicho, litumike tu pale ambapo chimbuko limethibitishwa kuwa ni bonde hilo.

3.0 Uumbikaji wa jiwe

Maji ya Ziwa Magadi ni ya alkali kali mno, na katika maji ya namna hiyo silika huyeyuka kwa wingi kuliko katika maji ya kawaida. Mwaka 1967 mwanajiokemia Hans Eugster alieleza madini mawili mapya kutoka katika mashapo ya ziwa hilo, yote mawili yakiwa silikati za sodiamu zenye maji ndani yake. Moja aliliita magadiiti kwa jina la ziwa, na la pili kenyaiti kwa jina la nchi. Kwa maelezo yake, maji matamu ya mvua na mito yanapokutana na maji mazito ya chumvi, ukali wa alkali hupungua, silika haiwezi tena kukaa katika hali ya kuyeyuka, na magadiiti hutuama kama tope jeupe. Baadaye maji matamu hupenya katika tope hilo na kuondoa sodiamu. Magadiiti hugeuka, wakati mwingine kwa kupitia kenyaiti, na mwisho hubaki silika tupu iliyoshikamana kuwa gumegume.

Maelezo hayo yalikuwa muhimu kwa sababu magumegume mengi yaliyojulikana zaidi, kama yale ya miamba ya chaki ya Ulaya, yalitokana na mabaki ya viumbe wa baharini wenye mifupa ya silika. Hapa palikuwa na gumegume lililozaliwa katika ziwa la barani, kwa kemia ya chumvi. Mwaka 1968 mwanajiolojia Richard Hay alionyesha kwamba magumegume ya Oldupai yanaingia katika kundi hilo hilo.

Maelezo ya Eugster hayajabaki bila kupingwa. Watafiti wa baadaye, miongoni mwao Hans-Jürgen Behr, wametilia mkazo kazi ya bakteria wa ziwani, na wengine wameonyesha kwamba jeli ya silika inaweza kugeuka jiwe bila kupitia magadiiti. Kwa anayetambua zana, mjadala huo una funzo moja la vitendo: magumegume ya bonde moja yanaweza kuwa yameumbika kwa njia zaidi ya moja, hivyo asitarajie yafanane yote.

4.0 Dalili za utambuzi

*4.1 Ngazi ya kwanza: je, ni gumegume?*

Gumegume huvunjika kwa umbo la kombe, yaani uso uliovunjika huwa na mawimbi yaliyopinda kama mgongo wa kombe la baharini, na kingo zake huwa kali. Hukwaruza kioo na halikwaruzwi na kisu cha kawaida. Likidondoshewa asidi hafifu halitoi povu, na hapo hutengana na jiwe la chokaa lenye chembe ndogo.

Katika Oldupai mwenzake wa kuchanganywa naye ni kwatsiti ya Naibor Soit, kilima kilicho kaskazini mwa korongo, ambacho jina lake la Kimaasai lina maana ya jiwe jeupe. Mawe yote mawili yanaweza kuwa meupe, lakini kwatsiti huonyesha chembe zinazometameta zikigeuzwa juani na hupasuka kwa mabamba, ilhali gumegume huwa na uso mlaini wenye mng'ao hafifu kama wa nta. Obsidiani hung'aa kama kioo, nayo ikiwa nyembamba hupitisha mwanga. Tahadhari inahitajika kwa vibanzi vilivyokaa muda mrefu katika udongo wa alkali au vilivyopitiwa na moto: uso wake hubadilika rangi, na rangi ya nje isichukuliwe kuwa rangi ya jiwe.

*4.2 Ngazi ya pili: je, ni la aina ya Magadi?*

Dalili kubwa za ngazi hii ziko katika umbo la bonge na katika ganda lake la nje. Mabonge huwa na maumbo yasiyo na mpangilio, yenye vinundu na mikunjo, kwa kuwa yalianza yakiwa tope laini lililoweza kukandamizwa na kujipinda kabla ya kukauka. Uso wake mara nyingi una wavu wa mipasuko yenye pembe nyingi, alama ya kusinyaa wakati maji na sodiamu vilipoondoka. Baadhi hubeba matundu yenye umbo la fuwele za chumvi zilizokuwapo zamani kisha zikayeyuka. Ganda huwa jeupe, jembamba na lisilopitisha mwanga. Tena, hayana mabaki ya viumbe wa baharini.

Hapa ndipo ugumu wa akiolojia unapoanza. Mfuazana aliondoa ganda kabla ya kupata kingo alizozitaka. Kibanzi kilichotoka ndani ya bonge hakina wavu wa mipasuko, hakina ganda, wala hakina umbo la asili. Kanuni inayofuata ni nyepesi kuitaja ingawa ni ngumu kuitii: kibanzi kisicho na ganda, kikiangaliwa kwa macho peke yake, kisipandishwe juu ya ngazi ya kwanza. Kipandishwe tu iwapo katika mkusanyiko huo huo vimo vibanzi vyenye ganda vinavyofanana nacho, au iwapo kipande chembamba kimekatwa na kusomwa chini ya hadubini, ambapo mpangilio wa chembe za kwatsi huweza kuonyesha umbo la madini yaliyotangulia. Ukataji huo huharibu, kwa hiyo huanza na mabaki ya ufuaji, si na zana iliyokamilika.

*4.3 Ngazi ya tatu: lilitoka wapi?*

Ngazi hii haina dalili moja ya kuitegemea. Huulizwa maswali manne kwa mfuatano. Je, kuna gumegume la asili karibu na mahali zana ilipookotwa? Je, tabaka lenye gumegume hilo lilikuwapo tayari wakati zana ilipotengenezwa? Je, lilikuwa wazi, au lilikuwa chini ya maji au chini ya mashapo mengine? Na je, kemia ya zana inalingana na kemia ya chimbuko hilo kuliko ya machimbuko mengine? Maswali matatu ya kwanza ni ya jiolojia na hayahitaji mashine, ilhali mara nyingi hurukwa ili kulifikia la nne.

5.0 Kisa cha Oldupai

Oldupai, iliyozoeleka katika maandishi ya kimataifa kwa tahajia ya Olduvai, ni mahali ambapo maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa uwazi. Mary Leakey alichapisha mwaka 1971 uchambuzi wa zana za Tabaka la I na la II, na Hay akachapisha mwaka 1976 jiolojia ya korongo zima. Kazi hizo mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba zana za Tabaka la I zilifuliwa hasa kwa lava na kwatsiti. Katika sehemu ya chini ya Tabaka la II, takriban miaka milioni 1.7 iliyopita, gumegume linajitokeza kwa wingi katika baadhi ya maeneo. Mojawapo ya maeneo hayo, lililoko MNK, lilielezwa mwaka 1974 na Daniel Stiles, Hay na James O'Neil kuwa mahali pa kufulia gumegume: mabonge ya asili yalikuwapo hapo hapo, na mabaki ya ufuaji yalikuwa mengi.

Msomaji anayekutana na istilahi ya aina ya Magadi katika kisa hiki angeweza kudhani kwamba mabonge yalibebwa kutoka Kenya. Umri wa matabaka unakataa. Mashapo ya ziwa yaliyoko Magadi yamelala juu ya lava zenye umri wa takriban miaka milioni moja. Mwaka 2014 ziwa hilo lilitobolewa kwa mradi wa kimataifa wa kisayansi, na msumari wa mashapo uliopatikana ulifika hadi kwenye lava hizo. Gumegume la mashapo hayo halikuwa limeumbika bado wakati wafuazana wa Oldupai walipokuwa kazini. Hakuna kemia inayohitajika kuthibitisha hilo. Linatosha swali la pili kati ya yale manne.

Swali la tatu nalo linaeleza kwa nini gumegume hujitokeza na kupotea. Mabonge yaliumbika katika mashapo ya ziwa la kale la Oldupai, nalo lilikuwa likipanuka na kunywea. Maji yalipojaa, mabonge yalikuwa chini yake. Maji yalipopungua na mmomonyoko ukayafunua, yaliweza kuokotwa. Kwa hiyo ongezeko la gumegume katika tabaka fulani lisisomwe mara moja kuwa ni badiliko la akili au la utamaduni. Kwanza liulizwe iwapo jiwe lilikuwa likipatikana. Hata hivyo, wafuazana hawakulipuuza lilipopatikana. Walilichagua jiwe lenye kingo kali ingawa lava na kwatsiti walizozizoea hazikuwa zimekwisha, na uchaguzi huo ni ushahidi halali wa ujuzi wao.

6.0 Mipaka ya kemia

Mafanikio ya kemia katika kufuatilia obsidiani yamewapa watafiti wengi matumaini kwamba gumegume litafuatilika vivyo hivyo. Obsidiani ya mlipuko mmoja wa volkano ni kioo kilichopoa kwa haraka, na elementi zake huwa na uwiano unaokaribiana kutoka ncha moja ya mtiririko hadi nyingine. Ndiyo maana mwaka 1984 Harry Merrick na Francis Brown waliweza kutenganisha machimbuko ya obsidiani ya Kenya na Tanzania ya kaskazini. Ndiyo maana pia matokeo ya Olorgesailie yaliyochapishwa mwaka 2018, yanayoonyesha obsidiani ikibebwa kutoka kilomita 25 hadi 95 zaidi ya miaka 295,000 iliyopita, yana uzito.

Gumegume si kioo cha mlipuko mmoja. Liliumbika polepole katika tope, likipokea udongo, majivu na chumvi za mahali hapo. Bonge moja linaweza kutofautiana na jirani yake, na hata kiini chake kutofautiana na ganda. Sampuli moja kutoka katika kila chimbuko haitoshi. Zinahitajika nyingi, ili ijulikane kwanza tofauti ya ndani ya chimbuko kabla ya kutafuta tofauti kati ya chimbuko na chimbuko.

Njia yenye mantiki iliyo karibu zaidi na uumbikaji wa jiwe hili ni isotopu za oksijeni. O'Neil na Hay walionyesha mwaka 1973 kwamba uwiano wa isotopu hizo katika magumegume ya maziwa ya chumvi ya Afrika Mashariki hubadilika kulingana na maji yalimoumbika, kwa kuwa uvukizi huacha isotopu nzito nyuma. Gumegume la sehemu yenye chumvi nyingi huwa na alama tofauti na la sehemu iliyopokea maji matamu. Nguvu ya njia hiyo ni kwamba inatenganisha mazingira. Udhaifu wake ni huo huo, kwani maziwa mawili yenye chumvi inayolingana yanaweza kutoa alama zinazolingana. Isotopu zinaweza kukanusha chimbuko kwa uhakika zaidi kuliko zinavyoweza kulithibitisha.

7.0 Maana kwa sera

Ikiwa utambuzi wa ngazi ya tatu unategemea kulinganisha, basi machimbuko ya asili ni sehemu ya ushahidi sawa na zana zenyewe. Sheria hazijalitazama jambo hili kwa jicho moja. Katika Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakijenga kitu cha kale kinachohamishika juu ya kazi ya mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Katika Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inatumia mwaka 1895 kwa vitu vya kale vilivyotengenezwa, ingawa pia inautambua urithi wa asili unaojumuisha maumbo ya kijiolojia. Bonge ambalo halijaguswa na mfuazana halikutengenezwa na mtu. Linaweza kusagwa kuwa kokoto ya barabara bila yeyote kuhisi kwamba kumbukumbu imepotea, ilhali bila bonge hilo kibanzi kilichoko makumbusho hakina cha kulinganishwa nacho.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, tathmini za athari kwa mazingira katika maeneo ya uchimbaji wa magadi, machimbo ya kokoto na ujenzi wa barabara zijumuishe machimbuko ya mawe ya kufulia zana, pamoja na maeneo yenye zana. Pili, iundwe hazina ya pamoja ya sampuli za gumegume kutoka Magadi, Natron na Oldupai, itunzwe kwa nakala katika makumbusho za taifa za nchi zote mbili, kila sampuli ikiwa na tabaka lake na mahali pake halisi. Tatu, vibali vya kusafirisha sampuli kwa uchambuzi wa nje viambatane na sharti la kuacha nusu ya kila sampuli nchini na kurejesha matokeo ghafi. Nne, vyombo vya lugha, vikiwamo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vishirikishwe katika kusanifisha istilahi za mawe, ili fomu za nyanjani zitofautishe waziwazi ngazi tatu za utambuzi. Fomu yenye safu moja tu ya "aina ya jiwe" humlazimisha mtafiti kudai zaidi ya anachokijua.

Pendekezo la pili ndilo lenye haraka zaidi. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita kati ya Magadi na Natron, na watafiti wanaofanya kazi upande mmoja kwa kawaida hushikilia vibali vya upande huo tu. Mwamba haukufuata mpaka huo, na zana hazikuufuata. Mkusanyiko wa sampuli unaoishia mpakani utaelekea kuhusisha kila kibanzi na chimbuko lililo ndani ya nchi ulimokusanywa, si kwa sababu ya ushahidi bali kwa kukosa mshindani.

8.0 Hitimisho

Gumegume la aina ya Magadi hutambulika kwa macho kama jiwe, kwa ganda na hadubini kama zao la ziwa la magadi, na kwa ushahidi wa matabaka, umri na kemia kama mali ya bonde fulani. Kisa cha Oldupai kinaonyesha kwamba swali rahisi la umri linaweza kuondoa dhana ambayo mashine ya gharama ingeihangaikia bila kufika mwisho. Kinaonyesha pia kwamba gumegume lililopatikana chini ya miguu ya wafuazana linaweza kusema mengi kuhusu ujuzi wao, bila kuhitaji kubuniwa safari ndefu ya kulifuata. Pale ambapo ushahidi unaishia ngazi ya kwanza au ya pili, rekodi iishie hapo, na nafasi ya chimbuko iachwe wazi hadi sampuli za kulinganisha zitakapokuwapo.